Nauli ya ndege ya bei nafuu imepunguzwa wapi?

Novemba 29, 2012, ndege ya kwanza ya Fastjet, kampuni ya bei nafuu, iliruka kutoka Dar es Salaam. Walianza na njia mbili tu, Mwanza na Kilimanjaro, na tangazo lao lilisema nauli inaanzia Sh 32,000, kodi na tozo za serikali kando. Kwa sisi wa Mwanza tuliozoea kudamka saa kumi alfajiri kuwahi basi, kisha kuzila kilomita zaidi ya 1,100 hadi miguu ikavimba, namba hiyo haikuingia akilini. Nakumbuka tulivyoulizana kama kuna sifuri imesahaulika.

Haikusahaulika. Watu waliopanda walikuwa kweli, na wengi wao hawajawahi kupanda ndege maishani: kina mama waliovaa vitenge vyao vya sherehe, wazee walioshikwa mkono na wajukuu hadi kwenye ngazi, wanafunzi, wagonjwa waliopewa rufaa kutoka Bugando kwenda Muhimbili. Mgonjwa anayefika kwa saa moja na nusu badala ya kutwa nzima barabarani hahitaji kuelezwa faida ya nauli ndogo. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu yatakayofuata yana lawama, na sitaki mtu adhani nasema heri ndege hizi zisingekuja.

Miaka sita baadaye kampuni ile haikuwepo tena angani Tanzania. Kati ya tangazo la Sh 32,000 na kusimama kwa ndege ya mwisho ndimo lilimo somo lote la usafiri wa anga wa bei nafuu. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama akate tiketi ya bei nafuu, humrudishia swali: hiyo nauli imepunguzwa wapi? Kuna fedha iliyookolewa kwa kampuni kufanya kazi yake kwa akili, na hiyo haimpunguzii abiria chochote. Kuna nyingine iliyookolewa kwa kuchukua mzigo uliokuwa wa kampuni na kukutwisha wewe. Zote mbili zimo ndani ya tiketi moja, na mtu asipozitenganisha atasifia kisichostahili au kulaumu kisicho na kosa.

Hesabu ya mwenye daladala

Kubana matumizi kwa akili kulipata jina Texas, Marekani. Kampuni ya ndege ya Southwest walianza kuruka Juni 18, 1971. Mwaka uliofuata walikuwa na ndege nne na fedha zikawabana, wakauza moja. Badala ya kufuta safari, waliamua kuendesha ratiba ya ndege nne kwa ndege tatu. Njia pekee ilikuwa kuhakikisha ndege ikitua, abiria wanashuka, wengine wanapanda, na inaruka tena ndani ya dakika kumi. Wakaweza.

Mwenye daladala yeyote analijua jambo hili. Gari likiwa gereji au limepaki stendi, hesabu ya siku haiji, ilhali mkopo wa gari unaendelea kudai. Ndege ni hivyo hivyo, ila deni lake ni la mamilioni ya dola, na kodi ya kuikodi hulipwa kila mwezi iwe imeruka au imelala. Ndege inayopiga tripu nane kwa siku inagawa deni hilo kwa abiria wengi zaidi kuliko inayopiga nne. Hapo ndipo sehemu kubwa ya unafuu inapotoka.

Mengine yote yanafuata humo. Chakula hakigawiwi bure kwa sababu kupakia chakula kunakula muda, na kusafisha mabaki yake vilevile. Wahudumu wa ndani ndio wanaookota takataka ndege ikiwa bado inashusha watu. Ndege zinakuwa za aina moja, ili rubani yeyote aweze kuirusha yoyote na stoo ya vipuri iwe moja. Tiketi zinauzwa moja kwa moja kwenye tovuti na kulipiwa kwa simu, bila kamisheni ya wakala. Ryanair wa Ireland waliuiga mpango huu na kuukaza zaidi. EasyJet wa Uingereza walifuata mwaka 1995, na mwanzilishi wake, Stelios Haji-Ioannou, ndiye huyo huyo aliyekuwa nyuma ya Fastjet ilipoanza.

Katika haya abiria hapotezi kitu cha maana. Nairobi hadi Mombasa ni kama saa moja angani. Sijawahi kukutana na mtu aliyezidiwa na njaa kati ya Athi River na Mariakani. Kiti chembamba kwa saa moja kinavumilika, na aliyewahi kukaa kiti cha nyuma cha basi kutoka Dar hadi Mwanza hana la kulalamikia.

Lakini ndege inaachana na daladala mahali pamoja. Daladala linaweza kusubiri lijae. Ndege huondoka saa yake hata kama nusu ya viti ni vitupu, na kiti kilichoruka kitupu hakiuziki tena milele. Basi kinachofanya kazi ya kondakta anayeita abiria ni bei yenyewe. Viti vichache vya mwanzo hutolewa kwa nauli ya chini kabisa, vikiisha bei hupanda ngazi moja, kisha nyingine, na kadiri tarehe inavyokaribia ngazi zinazidi kuwa ndefu. Neno zito kuliko yote katika tangazo lolote la ndege ni "kuanzia". Jambojet ilipoanza Kenya, Aprili 1, 2014, nauli yake ya ndani ilitangazwa kuanzia Sh 2,850 za Kenya. Aliyekaa kiti cha pembeni yako siku hiyo hiyo anaweza kuwa amelipa mara tatu yake, na wote wawili mkahudumiwa sawasawa.

Msiba hauna tarehe

Hapa ndipo mfumo huu unapogongana na maisha yetu. Nauli ya chini ni ya mtu anayejua atasafiri lini, atarudi lini, na kwamba hakuna kitakachobadilika. Harusi inaingia humo, maana vikao huanza miezi mitano kabla na tarehe ya ukumbi ikishalipiwa haiguswi. Kufungua shule kunaingia. Krismasi na Idi zinaingia, ingawa wenzako nao wanazijua na bei inapanda mapema.

Lakini safari zinazotulazimu kupanda ndege, zile ambazo basi haliwezi kutufikisha kwa wakati, nyingi ni za misiba na maradhi. Simu inaita saa nne usiku, mazishi ni keshokutwa, na kwa Waislamu huenda ni kesho baada ya adhuhuri. Saa hiyo ndiyo kompyuta ya kampuni inapokuona kama mtu asiye na njia nyingine, na bei inayokutolea ni ya mtu wa namna hiyo.

Mama yetu mdogo alipofariki Mwanza tulikuwa ndugu watatu Dar. Nauli niliyoiona usiku ule kwenye simu ilikuwa zaidi ya mara nne ya niliyolipa mwezi mmoja nyuma kwa njia ile ile, kwa kampuni ile ile iliyojitangaza kuwa ya bei nafuu. Tulilipa, nani angesita? Asubuhi ukoo ukasogeza mazishi mbele siku moja ili kumsubiri kaka yetu anayetokea Mtwara. Kubadili tarehe ya kurudi kukatugharimu faini ya kila kichwa, na juu yake tofauti ya nauli. Niliposoma masharti niliyoyakubali kwa kubonyeza, yalikuwa wazi kabisa: tiketi hairudishwi, tarehe haibadilishwi bila malipo. Hawakuniibia. Waliniuzia tiketi ya mtu ambaye maisha yake hayasogei, na mimi maisha yangu yalisogea.

Kampuni zinazotoa huduma kamili nazo hupandisha bei dakika za mwisho. Tofauti ni kwamba tiketi zao za kawaida mara nyingi zina nafasi ya kubadilisha, na wakati mwingine bei yao ya dharura iko chini ya ile ya kampuni "nafuu" iliyokwisha kujaa. Usiku wa msiba, angalia zote. Jina lililozoeleka kuwa rahisi linaweza kuwa ghali kuliko yote siku hiyo.

Mzigo umehamia kwako

Zamani tiketi ya ndege ilikuwa kama sahani ya pilau: umelipa, kachumbari na ndizi vimo. Kampuni za bei nafuu zimeitenganisha sahani. Kiti kina bei yake, begi la kupakia chini lina bei yake, kuchagua kiti cha dirishani kuna bei yake. Kwa mtu anayekwenda Arusha kwa kikao cha siku moja na mkoba wa kompyuta, huu ni uadilifu. Kwa nini alipie begi la mwingine?

Ila sisi hatusafiri mikono mitupu. Shangazi yangu hawezi kutoka Mwanza kuja Dar bila boksi la sato, wala kurudi bila nazi na vitenge. Safari moja alilipishwa kaunta, kwa kilo zilizozidi, fedha ambayo ingenunua samaki wale wale soko la Feri, Dar, na chenji ikabaki. Laiti angelipia mzigo ule alipokuwa anakata tiketi, angelipa kidogo zaidi ya nusu. Bei ya mzigo huwa ya chini unapokata tiketi mtandaoni na hupaa ukifika kaunta, na hilo limekusudiwa. Foleni ya kupima maboksi inachelewesha ndege kugeuza, na kampuni inakuadhibu kwa kuigusa ile sehemu inayoipa uhai. Basi piga hesabu ya mwisho, ukiwa umeshaweka begi lako ndani yake, ndipo ulinganishe na kampuni ambayo kilo 23 zimo kwenye nauli. Mara nyingi kwa mwenye mzigo pengo linakufa hapo hapo.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda Dubai walilijua hili mapema. Flydubai, iliyoanza mwaka 2009, inaruka hadi Dar es Salaam na Zanzibar, lakini kwa mtu ambaye safari nzima ni ya kubeba mzigo, kitu cha kulinganisha ni bei ya kilo. Nauli anaitazama baadaye.

Na angalia jina. Watu wetu wana majina matatu, na kitambulisho kinaweza kusema Mohamedi pale tiketi iliposema Muhammad. Kuna kampuni zinazotoza kurekebisha herufi hizo, na kuna wanaozuiwa kupanda. Chukua kitambulisho, kiweke mbele yako, nakili kilichoandikwa humo hata kama karani wa wilaya alikosea.

Mzigo mwingine uliohamishwa hauonekani hadi ukuangukie: safari ya kuunganisha. Kampuni nyingi za bei nafuu huuza kipande kimoja, toka hapa hadi pale, basi. Ukikata Kisumu hadi Nairobi kwa kampuni moja, kisha Nairobi hadi Ulaya kwa nyingine, kwa tiketi mbili tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haina habari na wewe. Tiketi ya laki kadhaa inaweza kuua tiketi ya mamilioni. Kijana anayekwenda kuanza masomo nje, ambaye ukoo mzima umechangishana, asiunganishe siku moja kwa tiketi mbili. Alale Nairobi au Dar usiku mmoja kwa ndugu. Hili nalisema kwa uzito wote nilio nao.

Kwa nini hapa kwetu bei haishuki kama Ulaya

Sehemu ya nauli haiko mikononi mwa kampuni. Anayeondoka Kenya kwenda nje ya nchi analipa tozo ya abiria ya dola 50, na anayeondoka Tanzania dola 40. Kwenda na kurudi Dar na Nairobi, dola 90 zimeshaondoka kabla kampuni haijapata senti ya kununulia mafuta. Tozo hizo hazijali kama tiketi yako ni ya dola 80 au 800, kwa hiyo zinaiumiza zaidi ile ya bei nafuu. Mafuta ya ndege nayo Afrika ni ghali kuliko wastani wa dunia. Na viwanja vingi vya mikoani kwa miaka mingi havikuwa na taa za usiku, kwa hiyo jua likizama ndege inalala, na mwenye hesabu ya tripu nane anabaki na tano.

Kisha kuna vibali. Mwaka 1999 nchi za Afrika zilikubaliana Yamoussoukro kufunguliana anga, na Januari 2018 Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la usafiri wa anga. Katika utekelezaji kila serikali bado inalinda kampuni yake. Fastjet iliyoanza Dar mwaka 2012 ilianza kutua Nairobi Januari 2016. Zaidi ya miaka mitatu, kwa safari ya saa moja na dakika kidogo.

Ndege zake pia hazikufaa. Walianza na Airbus A319 zenye viti zaidi ya 150, na kuzijaza kila siku katika njia zetu kulishindikana. Mwaka 2016 wakahamia Embraer E190 za viti kama mia moja. Hasara ziliendelea. Desemba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ilitoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifutia leseni, ikitaja madeni, na safari zikasimama wakati watu walikuwa na tiketi za sikukuu mkononi. Afrika Kusini yamewakuta hayo hayo: 1time ilifungwa mwaka 2012, Mango ikasimama mwaka 2021, Kulula mwaka 2022.

Jambojet imedumu, na sababu zake zinaonekana. Ni kampuni tanzu ya Kenya Airways, na iliacha ndege za jeti ikaingia kwenye Dash 8-400, ndege ya pangaboi kama tunavyoiita, inayokula mafuta kidogo na kutua kwenye viwanja vyenye barabara fupi ya kurukia kama cha Ukunda. Anayeidharau ndege kwa sababu ina pangaboi haelewi kwamba pangaboi hilo ndilo linalomshushia nauli.

Kutokana na hayo kuna tahadhari ambayo mara chache huandikwa. Unapolipa leo kwa safari ya miezi sita ijayo, umeikopesha kampuni bila dhamana. Ikifungwa, wewe ni mdai wa mwisho kwenye foleni ndefu, nyuma ya benki na wauza mafuta. Kabla ya kununua mapema sana, uliza kampuni ina ndege ngapi zinazoruka. Yenye ndege mbili, moja ikiharibika nusu ya ratiba imekufa, na hakuna ya akiba ya kukuchukua.

Usalama je?

Hili ndilo watu wanaloliogopa zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linalohusiana kidogo zaidi na bei. Ryanair imeruka tangu miaka ya 1980, na hakuna abiria wake aliyekufa katika ajali ya ndege yake. Kinacholinda roho angani ni ukali wa mamlaka inayokagua. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania, ambayo si kampuni ya bei nafuu, kwenye orodha ya zisizoruhusiwa kuruka Ulaya. Juni 2025 ukazijumuisha kampuni zote zilizosajiliwa Tanzania, kwa sababu ya mapungufu katika usimamizi wa usalama. Bei ya tiketi haikuhusika popote katika uamuzi huo. Linatuhusu kama wananchi, na linastahili kuulizwa bungeni kwa sauti kubwa.

Haki zako nazo hazipungui kwa sababu ulilipa kidogo. Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, unaibana kampuni yoyote kuhusu mzigo uliopotea, kuharibika au kuchelewa, hadi kiwango ambacho tangu Desemba 28, 2024 ni vizio 1,519 vya fedha ya IMF, yaani karibu dola 2,000. Lakini andika malalamiko kwa maandishi: siku saba kwa begi lililoharibika, siku 21 kwa lililochelewa. Ukiondoka kiwanja cha Umoja wa Ulaya, ndege ikafutwa au ikachelewa mno kwa kosa la kampuni, sheria yao namba 261 ya mwaka 2004 inatoa fidia ya euro 250 hadi 600, na haitofautishi kampuni ya bei nafuu na ya kifahari.

Mimi bado nazipanda. Nikiwa na tarehe ninayoijua na begi la mgongoni, sioni sababu ya kumlipa mtu mwingine zaidi. Kwenda Dodoma siku hizi nachukua treni ya SGR, daraja la kawaida Sh 31,000, maana nikijumlisha teksi na muda wa kusubiri uwanjani ndege hainiokolei kitu. Mwanza ndiko ndege bado haina mpinzani kwangu.

Shangazi naye amepata njia yake. Safari hii alikata tiketi wiki saba kabla, akaja na mkoba mmoja wa kilo saba. Boksi la sato lililofungwa kwa barafu alilikabidhi kwenye ofisi ya basi Nyegezi siku moja kabla ya kuruka. Alipotua Dar alinikuta nimeshalipokea kituoni, akaniuliza, "Barafu imeyeyuka, mwanangu?" Haikuwa imeyeyuka.